Ski za Shangazi Tausi

Siku ya hitma ya Shangazi Tausi nilifika Quakers Hill, kitongoji cha Sydney, kabla ya watu wengine, nikaegesha gari mbele ya ile nyumba ya matofali niliyoishi mwaka mmoja wa ujana wangu, na nikashindwa kushuka. Mguu wa kushoto ulikuwa unaniuma, kama unavyoniuma kila majira ya baridi yakianza, nikajiambia nausubiri utulie. Uongo mtupu. Nilikuwa naiogopa nyumba. Nimeshavuka miaka arobaini, nina mume, nina watoto wawili wanaonibishia kila neno, lakini nikiliona lile pazia la kahawia la dirisha la jikoni narudi kuwa msichana anayetunga kichwani jibu la kutoa akiulizwa alikuwa wapi. Mwishowe Sabrina, binti pekee wa marehemu, alinichungulia akatoka kunigongea kioo cha gari. "Are you coming in or what?" akasema, kisha akakumbuka ni siku gani, akajaribu kwa Kiswahili chake cha kubabaisha, "Karibu ndani, dada Zuhura. Kina mama wako nyuma, wanapika."

Ndani palinuka udi na vitunguu vya kukaanga, na zulia la ukumbini lilikuwa lilelile, limeliwa pale watu wanapovulia viatu. Nilisalimia, nikapewa vitunguu saumu nimenye, nikasikiliza kisomo, nikalia kidogo. Kusema kweli nilimlilia Shangazi Tausi kwa adabu, kama unavyomlilia mtu aliyekufukuza nyumbani kwake. Wakati wa kupakua pilau akaingia mwanamume mrefu mwenye mvi, kabeba katoni ya maji begani, nikamtambua kwa jinsi alivyoinamisha kichwa mlangoni. Alikuwa Odhiambo, fundi mkuu wa karakana nilikofanyia kazi mwaka ule, ambaye duka zima lilimwita Odhis. Tulikuwa hatujaonana miaka mingi. "Zuu! Aki pole sana," akaniambia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Kisha akainama zaidi. "Tukimaliza kukula unitafute. Kuna maneno ya huyu mama niliwekewa, na sasa naweza kuyatoa." Sikumwelewa. Shangazi na Odhis, kwa ninavyojua mimi, walikuwa hawajawahi kuketi pamoja hata mara moja. Nikala pilau yangu bila kuisikia ladha, nikiwa nimekaa ukutani, kando ya mlango wa chumba nilimolala mwaka ule.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nimemaliza chuo, na sikuwa na neno hata moja la kulalamikia. Hilo ndilo lililokuwa linanimaliza. Shangazi Tausi alinipokea uwanja wa ndege akiwa na koti mkononi kwa sababu alijua nitakuwa nimevaa kitambaa chepesi. Hakutaka kodi, hakutaka mchango wa umeme, na nilipojaribu kumpa alinitazama hadi nikarudisha mkono mfukoni. Nilichotakiwa kufanya ni kuwapo tu. Yeye alikuwa mlezi katika nyumba ya wazee, alitoka mchana na kurudi usiku, kwa hiyo mimi ndiye niliyemchukua Sabrina kwa jirani aliyemkalisha baada ya shule, nikamlisha, nikamsimamia kwenye Kurani yake, nikamlaza. Chumba kilikuwa cha Sabrina. Alikuwa na miaka kumi, amebandika nyota za plastiki darini, na kitanda changu kilikuwa kile cha kuvuta kutoka chini ya chake, hivi kwamba nililala nikitazama mbao za kitanda cha mtoto. Nikipokea simu, Shangazi anapunguza sauti ya televisheni ili nisisumbuke, na ndipo neno langu lolote likawa linafika jikoni. Nikienda mjini na wenzangu wa kazini nakuta chakula kimefunikwa na yeye ameketi kando yake, hajala. "Nilikuwa nakusubiri, mwanangu," anasema, bila kuinua sauti. Ungeweza kupiga kelele na mtu wa namna hiyo? Mimi niliketi nikala, hata pale nilipokuwa nimeshiba.

Halafu viatu. Mimi na Shangazi tulivaa namba moja, ingawa yeye alikuwa mwanamke mnene, wa kujaza mlango, na mimi ukinitazama ubavuni hunioni. Alipogundua hilo alifurahi kupita kiasi. Tangu hapo viatu vyangu vikawa vyetu. Nitaamka niende kazini, naambiwa na Sabrina, "Mum took them." Nilikuwa na viatu vya ngozi, rangi ya damu ya mzee, visivyo na kisigino, nilivyovinunua Parramatta kwa mshahara wangu wa kwanza, na hivyo ndivyo alivyovipenda kuliko vyote. Alivivaa harusini, alivivaa maulidini, akavirudisha vimepanuka, vimefutwa vizuri na mafuta. Kwetu pwani nani anasema neno kwa shangazi yake aliyeazima viatu? Kuazimana ndiko kunakowafanya watu kuwa ndugu. Kwa hiyo nilinyamaza, na nilivyonyamaza kwa viatu nikazoea kunyamaza kwa mengine.

Kazi niliipata kwenye duka la kukodisha vifaa vya theluji, huko huko Parramatta. Sydney yenyewe haina theluji, lakini majira ya baridi watu hupakia magari na kwenda milimani, mwendo wa saa tano sita, na wengi hupenda kuvaa na kupimwa kila kitu kabla ya kuondoka. Karakana ilikuwa nyuma ya duka, haina dirisha, ina taa za mirija zinazolia na harufu ya nta na mabuti yaliyovuliwa na watu wasiojuana. Unaingia asubuhi, unatoka jua limezama, hujui kama mvua ilinyesha. Natoka humo napanda treni, nashuka Quakers Hill, naingia kwenye chumba cha nyota za plastiki. Kuna siku nilijikuta nimesimama jukwaani kituoni, treni yangu imekuja imeondoka, kwa sababu tu pale jukwaani hapakuwa na ukuta.

Odhis ndiye aliyenifundisha. Kwenye kila ski kuna kifaa cha chuma na plastiki kinachokamata buti, mbele kwenye vidole na nyuma kwenye kisigino, nacho tulikiita baindingi. Kazi ya baindingi ni kulishika buti mtu anapoteleza na kuliachia anapoanguka, ili ski imtoke mguuni kabla mguu haujasokotwa. Mteja akileta buti huangalii namba ya kiatu. Unaligeuza, unasoma urefu wa soli kwa milimita pale ulipochongwa ubavuni, kwa sababu mabuti mawili ya namba moja yanaweza kuwa na soli tofauti kabisa. Unasogeza kipande cha mbele na cha nyuma hadi buti likae, unatazama alama ya nyuma kuona limebanwa kiasi kinachotakiwa, unafuta matope chini ya soli. Baada ya hapo ndipo unauliza uzito, urefu, umri, na kama mtu ni mwanagenzi au mzoefu, unapata kipimo kwenye jedwali, na unakaza au kulegeza skrubu mbili kwa bisibisi hadi namba itokeze kwenye kidirisha. "Ukiilegeza sana inamtoka akiwa speed, anaumia," Odhis aliniambia wiki ya kwanza. "Ukiikaza sana haimwachi, bado anaumia. Sasa hapo katikati ndio mshahara wako unatoka." Watu wakisikia nilifanya kazi hiyo huanza kunitolea mafumbo kuhusu kushika na kuachia, hasa wakinywa kahawa. Siyataki. Chuma ni chuma, na namba ikikosewa mtu anavunjika mguu.

Tabu ni kwamba wateja hudanganya. Wanaume hudanganya ustadi, wanawake hudanganya kilo, na wote wanajua wanadanganya. Odhis alikuwa na njia yake. "Jamaa akikuambia yeye ni expert na bibi yake amesimama hapo, usibishane. Ngoja bibi aende kuangalia gloves, halafu muulize pole pole." Na wanawake hakuwauliza kwa sauti kamwe. Aliwapa kipande cha chaki waandike uzito wao kwenye soli ya buti, akasoma, akafuta kwa kidole gumba. Wengi waliandika ukweli, kisha wakamtazama akifuta.

Msimu ulipokaribia, mwenye duka akaniita. Tawi lao la milimani lilihitaji fundi, kuna chumba cha kulala juu ya karakana, kina dirisha, na nikifanya vizuri kazi ingekuwa ya kudumu. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza. Halafu nikakumbuka kuna mtu wa kumwambia. Nilikaa na lile neno kwa muda, nikilipanga na kulipangua ndani ya treni, hadi Jumapili moja Shangazi akiwa anasuka nywele za Sabrina nikalitoa lote kwa pumzi moja. Hakugomba. Aliendelea kusuka, akafika mwisho wa msuko, akaufunga, kisha akasema anahisi presha inapanda, nimletee maji. Nikamletea. "Milimani," akasema baada ya kunywa. "Peke yako. Kwenye baridi." Nikamwambia ni miezi michache tu. "Nani kakuudhi humu ndani, Zuhura?" Hakuna, shangazi. "Basi?" Kweli hakuna aliyekuwa ameniudhi. Kesho yake aliamka mzima, mchangamfu, na suluhisho mkononi. Ikiwa mtoto anatamani theluji, basi twende sote tukaione. Atawaambia kina mama wa kikundi, watakodi basi dogo, watapika, watakwenda na kurudi. Alinibusu shavuni. Nilielewa kwamba jambo langu limeshapatiwa dawa na halitazungumzwa tena.

Niliamua kulimaliza huko huko. Nikamwambia mwenye duka nitafika na basi la kina mama na nitabaki. Siku moja kabla ya safari nilipakia nguo zangu kwenye begi, na alfajiri nikalisukuma chini ya kiti cha nyuma cha basi, chini ya sufuria la pilau. Nilipanga kwamba jioni, watu wakianza kupanda garini kurudi, nitamwambia Shangazi mbele ya wenzake, mahali ambapo hawezi kuomba maji. Nilijiona mjanja kweli.

Wiki hiyo kina mama walikuwa wamekuja dukani kupimwa, wakicheka, wakijaribu mabuti. Shangazi alisubiri hadi wenzake wote watoke. Chaki aliikataa. Akaniinamia sikioni akanitajia uzito ambao nadhani alikuwa nao siku ya ndoa yake. Nikaitikia, "Sawa, shangazi." Lakini nyumbani tulikuwa na mizani bafuni, na Sabrina hana siri. Nikazikaza ski zake kwa uzito wake wa kweli, nikapunguza kidogo kwa ajili ya umri kama jedwali linavyotaka, nikageuza kidirisha asikione. Zangu zikawa za msichana mwembamba. Mabuti yetu yalikuwa ya kampuni moja, namba moja, soli ya milimita zilezile. Nilifurahi hata kwa hilo, maana lilinipunguzia kazi ya kupima mara mbili.

Mlimani kulikuwa na jua. Sijasahau mwanga ule, baada ya karakana na kile chumba, uliniumiza macho nikacheka mwenyewe. Kwenye mteremko mdogo wa wanagenzi kina mama walikuwa wamejipanga na hijabu zao chini ya kofia ngumu, wanaanguka, wanaitana, wanapigana picha. Shangazi alianguka mara kadhaa akashindwa kuinuka, akainuliwa na watu watatu, na kicheko kilipozidi nikaona uso wake umebadilika. Hakuwa mtu wa kuchekwa. Akakaa kwenye theluji, akazifungua ski zake kwa fimbo kama nilivyomfundisha, akasema kwa sauti ya kuwafikia wote, "Hizi nzito, hazina hata bahati. Mwenzenu Zuhura kajichagulia nyepesi. Hebu lete zako, mwanangu, uchukue hizi."

Naijua ile dakika kuliko ninavyoijua sura yangu. Bisibisi ilikuwa mfukoni mwa koti langu, nilikuwa naigusa. Ilikuwa kazi ndogo sana, kuinama, kulegeza zile, kukaza hizi. Lakini kina mama wote walikuwa wanatutazama, na hakuna hata mmoja ambaye hakuwa amepimwa nami wiki ile. Wote walishajua skrubu zile zinakwenda na kilo. Nikiinama na bisibisi, nikazungusha yangu upande huu na yake upande ule, nimeutangaza uzito wa Shangazi Tausi mbele ya kikundi chake, tena nimetangaza kwamba alidanganya na kwamba mimi nilijua. Nilisema tu, "Shangazi, ngoja kidogo nizirekebishe." Akanitazama. "Urekebishe nini? Si namba moja sisi?" Wenzake wakaitikia, namba moja, ndugu hao. Nikaiachia bisibisi mle mfukoni. Nikavua zangu nikampa. Nikakanyaga zake, zikalia ta, zikakubali buti langu vizuri kabisa, bila nafasi hata kidogo.

Sikuanguka kwa kasi. Odhis alikuwa amenionya kwamba anguko la polepole ndilo baya, kwa sababu ukienda kasi kishindo chenyewe kinakibandua chuma, lakini ukiketi taratibu huku umejipinda, hakuna kishindo. Nilikuwa nakwepa mtoto aliyekaa njiani. Ski ya kushoto ikachoma kwenye theluji laini, mimi nikageuka, yenyewe haikugeuka. Nikasubiri initoke. Nasema kweli, nilikuwa na muda wa kuisubiri. Kisha nikasikia sauti kama ya muwa unapovunjwa gotini. Nikiwa nimelala pale nikamwona Shangazi akishuka na ski zangu nyekundu, akaanguka, zikamtoka zote mbili kwa wepesi, akaketi akicheka hadi aliponiona.

Begi langu lilirudi Quakers Hill likiwa palepale chini ya sufuria, na Shangazi alipolifungua kunitafutia nguo ya kulalia hakuuliza kwa nini msichana anayekwenda matembezi ya kutwa amebeba nguo za miezi. Mfupa wa mundi ulikuwa umepasuka kwa kujisokota. Nikafungwa hogo, kama tunavyoiita kwetu ile plasta ngumu ya mfupa, kutoka vidoleni hadi juu ya goti, na kazi ya milimani akapewa kijana mwingine. Majira yote ya baridi nililala kwenye kitanda cha kuvuta, mguu juu ya mito, nikitazama nyota za plastiki. Na Shangazi alinitunza, tena alinitunza mno. Aliniogesha kwa beseni. Alizunguka mabucha yote hadi Auburn kutafuta kongoro, akalichemsha siku nzima kwa tangawizi na ndimu, akanishika kichwa ninywe, kwa sababu supu ya mfupa inaunga mfupa. Aliomba apangiwe zamu chache ili awe nami. "Mungu kapanga," aliniambia kila mara akinifuta uso. "Kama si mguu, ungekuwa huko peke yako." Nilimchukia, nilimpenda, nilitaka kutapika supu. Sikumwambia kwa nini mguu ulivunjika. Ningeanzia wapi?

Siku moja alasiri alidhani nimelala, akawa anaongea na dada yake wa Tanga kwa simu jikoni. Mara hii maneno yake ndiyo yaliyonifikia mimi. "Sabrina namwita kwa Kiswahili ananiitika Kizungu," alikuwa anasema. "Kazini kutwa naongea Kizungu na wazee wa watu hadi taya zinauma. Zuhura ndiye nikimwambia shoga leo nimechoka, anajua nimechoka vipi. Akiondoka huyu mimi nitaongea na friji, dada. Nakwambia kweli. Na friji." Kisha akacheka, kisha nikasikia anapenga kamasi. Mpaka siku ile nilikuwa bado na hasira yangu ya kunisaidia, nilikuwa naihifadhi kwa siku nitakayoweza kusimama. Baada ya hapo sikuwa nayo tena. Nilijua hogo litafunguliwa na sitakwenda popote.

Lilifunguliwa majira ya joto yakikaribia. Mguu ulikuwa mwembamba, mweupe kwa ngozi iliyokufa. Shangazi alikuwa amebadilika siku chache kabla, amekuwa mkimya, anapika bila kuimba, nami nikadhani ni kazi. Kesho yake akaniita jikoni. Alikuwa anakata bamia na hakuinua macho. "Zuhura, Sabrina anakua. Anataka chumba chake." Nikasema nitalala sebuleni. "Sebule ya wageni." Nikamuuliza nimekosa nini. "Nani kasema umekosa? Nimesema chumba." Begi langu lilikuwa tayari mlangoni. Nguo zote zimepigwa pasi. Viatu vyangu vyote vimefutwa, vimejazwa magazeti ndani ili visikunjike, isipokuwa vile vya rangi ya damu ya mzee, ambavyo havikuwamo. Nikajisemea, hata akinifukuza bado ananichukulia viatu. Nikatoka nikichechemea hadi kituoni, nikapanda treni hadi Toongabbie, kwa wauguzi wawili wa Kikenya waliokuwa na chumba kitupu. Majira ya baridi yaliyofuata nilikuwa milimani, kwenye chumba chenye dirisha, na ufundi huo ndio ulioniweka mjini mpaka leo. Quakers Hill nilikwenda sikukuu za Idi tu. Shikamoo, marahaba, biriani, kwaheri. Hakuniambia tena nilale. Hakuazima tena kitu changu, hata kitana. Jua likikaribia kuchwa ananiambia, "Nenda, treni zitakuwa chache," na mimi nilikuwa naondoka, mwaka hadi mwaka.

Siku ya hitma, tulipomaliza kula, nilimkuta Odhis uani, ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa karibu na sufuria tupu. Akaniachia kiti chake, akabaki amesimama.

"Huyu mama alikuja karakana," akaanza. "Ile mwaka mguu yako ilivunjika. Wewe ulikuwa bado na plaster. Zuu, alikuja na moto! Akaniambia nimemvunjia mtoto, nimeharibu screw, atanipeleka kortini. Sasa mimi nikaenda nikatafuta hizo ski kwa rack, kwa sababu nilikuwa nimeziweka kando. Nikaweka buti, nikamwonyesha kwa mashine. Nikamwambia, mama, hii haijaharibika. Hii inaachia poa kabisa, lakini inaachia mtu wa mwili kama wako. Nani alikuwa ameivaa?"

Nikamwambia aendelee.

"Akakaa chini. Pale kwa kile kiti cha kujaribu mabuti. Akaniuliza, 'Zuhura alijua?' Nikamwambia, huyo ndiye fundi wangu, lazima alijua. Akaniuliza, 'Alikuwa na bisibisi?' Nikasema huyo hatembei bila bisibisi. Nikamletea chai, Zuu. Halafu akasema hivi, nimeshika maneno yake yote: 'Mtoto huyu ataniacha nimuue, kwa heshima. Hawezi kuniambia hapana.' Akaniuliza kama hiyo kazi ya mlimani bado iko. Nikamwambia mwaka ujao itakuwako. Akaniambia, 'Basi muwekee. Kumtoa nitamtoa mimi.'"

Watoto wa wageni walikuwa wanakimbizana kwenye nyasi kwa Kizungu. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hiyo, na sauti yangu ilikuwa na ugomvi, najua.

"Alinikataza. Akasema, 'Mimi nikiwa hai usimwambie. Akijua atanihurumia, na akinihurumia atarudi.'" Odhis akaokota katoni yake tupu akaikunja. "Mimi ni Mjaluo, hizo heshima zenu sizielewi sana. Lakini nilimpa neno langu."

Nililia pale uani bila adabu yoyote, na kina mama wakasema wacha alie, hakuwa amelia vya kutosha. Niliwaza zile Idi zote, treni zitakuwa chache, na yeye akifunga mlango na kurudi jikoni kwa friji yake. Nilitamani nimkasirikie tena, nimwambie hukuwa na haki ya kuniamulia hata hilo. Ningemwambia nini kingine? Pengine ningerudi kweli. Ananijua.

Jioni tulipomaliza kuosha vyombo Sabrina aliniita chumbani kwa mama yake. Walikuwa wanagawa nguo. Akanipa sanduku la kadibodi lililofungwa kwa kamba ya kanga. "She never wore these after you left," akasema. "Not once. Nikimuuliza anasema, si vyangu, ni vya Zuhura. You guys are the same size, right? Jaribu." Ndani mlikuwa na viatu vyangu vya rangi ya damu ya mzee, vimefutwa, vimejazwa magazeti. Nikakaa kitandani kwa Shangazi Tausi nikavivaa. Sabrina akapiga magoti akabonyeza ncha kwa kidole gumba, kama tunavyofanya dukani.

"Vinatosha?"

"Hapana," nikamwambia. "Mama yako alivipanua. Vinanipwaya."

Nikatoka navyo hivyohivyo, nikikaza vidole visinitoke, hadi kwenye gari.